Kukarabati nyumba ya mawe Lamu huku mkiishi ndani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu, imebanwa na majirani pande mbili. Tuliikarabati wenyewe, mimi na mume wangu, chumba baada ya chumba, na wakati wote huo watoto watatu na mama mkwe wangu walikuwa humo humo ndani. Kazi ilikula kaskazi tatu, yaani misimu mitatu ya upepo wa kaskazi. Tangu hapo sipiti Usita wa Mui, njia kuu ya mji, bila mtu kunisimamisha aniulize habari za chokaa au boriti, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, pamoja na majibu niliyoyapata kwa mikono yangu na kwa waashi wazee waliokuwa na subira ya kunifundisha.

Kweli mtu anaweza kuishi ndani huku anabomoa na kujenga?

Anaweza. Tena kwa nyumba ya chokaa naona ni afadhali kuliko kuhama. Chokaa hutaka mtu wa nyumbani. Lipu ya chokaa ikishapigwa inahitaji kurushiwa maji asubuhi na jioni kwa siku nyingi, na kufunikwa magunia mabichi pale upepo unapoipiga. Fundi wa kulipwa kwa siku huosha mwiko wake saa kumi na kwenda zake, na hapo ndipo lipu inapoanza kukauka haraka na kupasuka. Wewe unayelala chumba cha pili utaamka, utaswali, na kabla ya chai utakuwa umeshainyunyizia.

La pili ni kwamba anayeishi ndani anaijua nyumba. Mvua ya usiku ikinyesha, unasikia tone linaangukia wapi. Unajua ukuta upi hutoa jasho mwezi wa sita na upi ni mkavu mwaka mzima. Sisi mwaka wa kwanza tuliuzunguka kila ukuta na kipande cha mkaa tukachora mstari pale unyevu ulipofika. Alama zile zilitusaidia kuliko ushauri wowote.

Nianzie wapi?

Juu. Kila mtu hutaka kuanza na sabule kwa sababu ndiko wageni wanakokaa, au jikoni kwa sababu ndiko anakoshinda. Lakini maji huingia kwa juu, na kila utakachokitengeneza chini ya dari inayovuja utakirudia. Panda na ndoo ya maji, yamwage polepole karibu na kingo, uangalie yanakokimbilia na yanakotuama. Safisha makopwe ya kutolea maji. Mara nyingi tatizo zima ni kiota cha ndege au mche wa mpapai uliojiotea kwenye tope lililoziba njia. Mizizi ya mimea midogo hupasua sakafu ya chokaa vibaya sana. Usiing'oe kwa nguvu. Ikate, iache ife, ndipo uitoe na kujaza ufa.

Juu pakishakauka, shuka: ghorofa ya juu, misana (kumbi ndefu za ndani), kisha chini. Sabule iwe ya mwisho.

Ni lazima nipate kibali?

Ukiwa ndani ya Mji wa Kale, ndiyo. Mji wetu uliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na unalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Nenda kwenye ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapa Lamu kabla hujagusa ukuta wa nje, mlango, dirisha la njiani, wikio (chumba kinachopita juu ya njia) au urefu wa nyumba, kisha uulize upande wa kaunti. Chukua picha za kila chumba uende nazo. Watu huiogopa safari hii bure. Mimi nilitoka na majina ya waashi wawili ambao nisingewajua kwa njia nyingine.

Kwa nini mnakataza simenti? Si ndiyo yenye nguvu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloniuma, kwa sababu naona nyumba za karne ya kumi na nane zikiharibiwa na watu wanaozipenda.

Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, hunywa maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini, mwingine huja na upepo wa bahari, na ndani yake mna chumvi. Ukuta uliopigwa lipu ya chokaa huutoa unyevu huo nje taratibu, kama mtu anayepumua. Chumvi hutoka nao, ikaonekana juu kama unga mweupe. Hiyo ndiyo shura, nawe unaipangusa kwa brashi kavu, basi.

Ukipiga simenti juu, unyevu hauna pa kutokea. Unabaki nyuma ya lipu, chumvi inaganda huko huko, chembe zake zinakua na kusukuma. Simenti yenyewe ni ngumu, haitikisiki. Kinachosalimu amri ni jiwe lililo nyuma yake. Siku lipu inapobambuka, huondoka na uso wa ukuta. Maji yaliyokosa njia chini hupanda juu zaidi, mpaka yafike kwenye vichwa vya boriti, na hapo unyevu wa ukutani unakuwa hatari ya dari.

Sisi tulifanya kosa hili. Kabla hatujajua, tuliziba kipande cha ukuta wa tekani, ukumbi wa mlangoni, kwa simenti, pana kama mlango. Masika ya kwanza kilikaa vizuri, tukajisifu. Ya pili kikatoa mlio tukikigonga. Ya tatu kilianguka chote usiku mmoja, na mawe nyuma yake yalikuwa yamegeuka unga, unayachota kwa kijiko. Kurekebisha kulihitaji kutoa mawe na kupachika mengine. Kazi ya siku mbili ikawa ya mwezi.

Zege lenye nondo juu ya kuta hizi lina shida yake tena. Ni zito, na hewa ya chumvi hufika kwenye nondo. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba hulipasua zege kutoka ndani. Kama nyumba yako tayari ina simenti, usiibandue yote kwa pupa. Anza na sehemu zinazolia kama ngoma ukizigonga. Zile zilizoshikamana sana waweza kuvunja mawe ukizilazimisha.

Chokaa ninaitayarishaje, na kiasi gani?

Chokaa ni jiwe lililochomwa hadi likaacha hewa yake ya kaboni. Ukilizima kwa maji huchemka na kuwa uji; ukiupiga ukutani, huanza kuivuta tena ile hewa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana haina haraka. Simenti hugandishwa na maji, chokaa hugandishwa na hewa, na inahitaji unyevunyevu ili hewa hiyo iingie vizuri. Chokaa iliyokauka upesi haijakomaa, imekauka tu. Ukiipitishia kidole inatoka unga.

Ukinunua iliyokwisha kuzimwa, iloweke kwenye pipa au shimo, maji yasimame juu yake, uifunike. Wiki chache zinatosha kwa kazi ya kawaida, ila miezi mitatu inafanya laini inayoteleza kama siagi. Kwa hiyo agiza chokaa kabla hujaagiza kitu kingine chochote, iwe inaiva wakati unatafuta boriti.

Mchanganyiko tuliotumia ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Kwa ukuta wa mita 4 kwa mita 3, lipu ya sentimita 2, utahitaji mchanga kama ndoo 12 za lita 20 na chokaa kama ndoo 4. Ongeza ndoo mbili tatu za mchanga, maana kuta zetu hazikunyooka hata moja. Usipige sentimita 2 kwa mara moja. Piga tabaka nyembamba, iache wiki moja au zaidi huku ukiinyunyizia, ikwaruze ili ya pili ishike, ndipo urudie. Na kabla ya tabaka ya kwanza ulowanishe ukuta wenyewe mpaka uache kunywa.

Mchanga usiwe wa ufukoni, una chumvi. Usiwe wa matuta ya Shela, kijiji jirani, pia. Matuta yale ndiyo yanayochuja na kuhifadhi maji ya mvua tunayokunywa mji mzima. Maji ya kuchanganyia yaonje kwanza. Visima vingine vya mjini vimeingia chumvi, na chumvi uliyoitia mwenyewe kwenye lipu ni ile ile itakayoibandua.

Nitajuaje boriti ipi imeoza?

Chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga boriti kuanzia katikati ukielekea ukutani: nzima hutoa sauti kavu, iliyooza hutoa sauti ya kubonyea. Kisha chomeka bisibisi kwenye kichwa chake pale inapoingia ukutani. Boriti za mikoko ni ngumu, mchwa huzihangaikia miaka mingi, na katikati huwa salama hata baada ya vizazi. Huoza vichwani, ndani ya ukuta, usipopaona. Ukuta wenye unyevu karibu na dari utakuambia uanzie wapi. Angalia pia vumbi laini sakafuni asubuhi, unga wa dumuzi, mdudu anayetoboa mbao.

Vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, upana haufiki mita 3, kwa sababu hapo ndipo boriti inapofika bila kulegea chini ya mzigo wa mawe na chokaa. Mzigo huo ni mkubwa sana. Kwa hiyo:

Toa boriti moja tu kwa wakati mmoja. Kabla ya kuitoa, weka mbao pana chini ya zile za jirani, uziegemeze kwa nguzo mbili au tatu zilizokazwa, na chini ya nguzo weka ubao mwingine mrefu ili uzito usikae mahali pamoja. Kama uko ghorofani, ujue kuwa sakafu unayoisimamishia nguzo nayo imebebwa na boriti. Weka nguzo chumba cha chini pia, mahali pale pale. Hili watu husahau, na ndilo la kuua.

Siku ya kuinua boriti mtu asilale chumba hicho wala cha juu yake wala cha chini yake. Sisi tulimpeleka mama mkwe na watoto kwa dada yake mtaa wa Langoni siku nne, na hizo ndizo siku pekee tulizoihama nyumba.

Boriti mpya ikiwa na pinda kidogo, mgongo uelekee juu. Chini ya kichwa chake weka jiwe bapa, uache kinafasi cha hewa, usikisindilie simenti. Unaponunua, ulizia karatasi ya kibali kutoka Huduma ya Misitu ya Kenya. Mikoko haikatwi ovyo, na mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji kabisa, tukaona wenyewe boriti zilivyoadimika. Boriti kuukuu iliyooza kichwa kimoja usiichome. Kata palipooza, itakufaa kwenye choo au wikio ambako upana ni mdogo.

Tutalala wapi na kupika wapi?

Chagua chumba kimoja kiwe safi mpaka mwisho wa kazi. Kwetu kilikuwa kile kiitwacho ndani, chumba cha mwisho kabisa, kwa sababu kiko mbali na mlango na vumbi halifiki upesi. Sheria yake: hakuna viatu, hakuna zana, hakuna ndoo ya chokaa hata ya dakika moja. Mlangoni tulitundika shuka mbili zilizoloweshwa. Ukikosa chumba cha namna hii, wiki ya tatu mtaanza kugombana, na ugomvi hautakuwa wa chokaa.

Jiko lilihamia kiwandani, yaani uani, la mkaa, chini ya turubai. Choo kimoja kisiguswe mpaka cha pili kimekamilika na kimetumika angalau wiki. Jioni tulisimamisha kazi mapema, tukafagia kwa maji, hata kama palibaki kipande cha ukuta cha dakika kumi.

Ramadhani hatukufanya kazi ya kishindo, na siku za Maulidi nyumba ilijaa wageni, kwa hiyo tulizihesabu tangu mwanzo kuwa si siku za kazi.

Birika (tangi la maji la nyumbani) lina samaki. Niwafanyeje?

Wahamishe kwenye ndoo au pipa la maji ya birika hilo hilo kabla hujapiga lipu chumba chochote kilicho karibu. Maji ya chokaa ni makali, huwaua. Lifunike birika, na kazi ikiisha lioshe kabla ya kulijaza. Usiseme utawapata wengine: muda mfupi wa birika lisilo na samaki ulitosha kututia mbu nyumba nzima.

Chokaa ina madhara kwa watoto?

Inachoma. Mbichi, isiyozimwa bado, ni mbaya zaidi, na inapozimwa huchemka na kuruka. Uzimaji ufanyike watoto wakiwa madrasa au shuleni, na umimine chokaa kwenye maji. Usimimine maji juu ya chokaa. Vaa miwani, glavu, mikono mirefu na barakoa. Ikiingia jichoni, usisugue. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka dakika 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Tuliweka ndoo ya maji safi na kata kila chumba chenye kazi, na kila mtoto alijua ni ya nini.

Pipa la chokaa liwe na kifuniko kizito. Mtoto akiona kitu cheupe na laini atatia mkono.

Vidaka (vishubaka vya ukutani) na lipu ya nakshi vimejaa matabaka ya rangi. Nivikwangue?

Taratibu sana, au usikwangue. Nakshi ile ilichongwa kwenye lipu ikiwa mbichi, na ukingo wake ni mwembamba. Tumia kijiti cha mwanzi na brashi laini; tindo na msasa viweke mbali. Tulijaribu pembe moja ndogo kwanza, mahali pa chini nyuma ya kasha, tukaiangalia mwezi mzima. Palipomeguka tuliacha pameguka. Kujaziliza nakshi ni kazi ya fundi aliyejifunza, na kidaka kilichomeguka kidogo kina heshima kuliko kilichobandikwa plasta.

Usipitishe bomba wala waya ndani ya ukuta wa vidaka. Nilimkuta jirani mmoja akitoboa kutafuta njia ya waya wa televisheni nikamsihi kama ninayemsihi kwa ajili ya mtoto. Alinisikiliza, waya ukapita juu chini ya boriti, hauonekani.

Umeme na maji?

Umeme mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Ukuta unaorushiwa maji kila siku na waya wa zamani ulio wazi havikai pamoja. Zima chumba hicho kwenye swichi kuu kabla ya kunyunyizia. Mabomba yapite nje ya ukuta, yaonekane. Bomba lililofichwa likivuja, utajua baada ya boriti kuoza.

Vifaa nitavifikishaje, na kifusi nitakipeleka wapi?

Mawe ya kisiwa cha Manda huja kwa mashua hadi gatini, halafu punda. Panga na mwenye punda mapema, mpime njia pamoja, maana uchochoro mwingine hauruhusu punda mwenye mizigo pande zote mbili. Usimruhusu amzidishie mnyama kwa sababu tu unataka safari ziwe chache. Asubuhi mapema ni bora kwa punda na kwa wanaopita.

Kifusi kichambue kabla hakijatoka. Mawe mazima yatumie tena, ya zamani yamekwisha kukauka na ni mazuri. Vipande vidogo ni vya kujazia juu ya boriti. Lipu ya chokaa ya zamani ichekeche, inarudi kuwa mchanga. Kwetu kilichotoka nyumbani kilikuwa kidogo kuliko tulichokihofia, kingi kikiwa simenti. Baharini usitupe.

Na majirani waambie kabla, nyumba kwa nyumba, kwa mdomo. Ukuta mwingine ni wenu nyote wawili, nyundo yako ya upande huu hudondosha vikombe upande wa pili. Mimi nilipeleka kahawa na halua, nikaomba radhi kabla ya kosa.

Wakati gani wa mwaka ni mzuri?

Dari na boriti: kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, kabla ya masika. Lipu ya ndani waweza kuipiga hata baada ya mvua kubwa, hewa ikiwa na unyevu. Hukomaa vizuri kuliko kwenye jua kali la Februari. Upande wa nje unaopigwa na jua la mchana, piga alasiri.

Lini nitapaka rangi?

Mwenye haraka hupaka rangi ya dukani baada ya wiki mbili, na rangi ya plastiki hufanya ukutani kile kile kinachofanywa na simenti. Paka chokaa nyembamba kama maziwa, mikono mitatu au minne, siku moja moja kati yake. Ikiwa mbichi huonekana kama maji matupu, utadhani hujapaka kitu. Kesho yake ukuta umekuwa mweupe. Vyumbani, ukipata mwashi anayejua niru, lipu laini ya kumalizia, mlipe akufundishe ukiwa unafanya naye. Aliyetufundisha sisi alikaa siku tatu, ya nne akaja kutazama tu, akapitisha kiganja ukutani, akamwomba mama mkwe chai.